Kabla Hujahamia Windows 11: Vidokezo kwa Maprodyuza wa Kampala

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hata studio ya chumba kimoja kule Makindye au Kawempe sasa inawaza kuhama. Kupata kompyuta mpya ni suala la pesa tu. Kazi ngumu ni kuziokoa nyimbo zilizolala ndani ya ile kuukuu, midundo ya miaka ya 2000, wakati Chameleone, Bebe Cool na Bobi Wine wanapanda chati na Windows XP ndiyo iliyotawala mezani.

1. Toa sauti kwanza. Usisakinishe chochote kabla ya hapo. Washa mashine ya zamani, fungua kila wimbo, kisha utoe kila ala na kila sauti kama faili yake ya WAV. Zote zianzie sekunde ya sifuri, hata kama gitaa linaingia dakika ya pili, ili zikipangwa upya zikae sawa. Andika kasi ya mdundo kwenye jina la folda. Ukiweza, toa na MIDI. Sauti alizorekodi mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann nchini Uganda kabla ya uhuru zinasikika leo pale Makerere kwa sababu zilihamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Zingengoja mashine ya zamani ifufuke, zingekuwa kimya. Faili ya mradi inahitaji programu yake, plagini zake na leseni zake. WAV haihitaji chochote kati ya hivyo. Na kama umeme wa mtaani kwenu hautabiriki, fanya kazi hii ukiwa na UPS.

2. Jua kama plagini zako ni za biti 32 au 64. Hapa ndipo wengi hukwama. Windows 11 bado inaendesha programu za biti 32, lakini programu ya muziki ya biti 64 haiwezi kuifungua plagini ya biti 32 bila daraja katikati. Reaper inalo daraja lake. Cubase iliondoa la kwake ilipofika toleo la 9, mwaka 2016, hivyo watumiaji wake hutafuta jBridge. Wa Mac wana hali ngumu zaidi: tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu za biti 32 hazifunguki kabisa. Kama plagini ya kinanda iliyobeba wimbo wako ni ya zama hizo, rudi namba moja.

3. Usisakinishe programu ya zamani ndani ya Program Files. Programu za enzi za XP zilizoea kuandika mipangilio yao kwenye folda zao zenyewe, na kuanzia Vista, Windows inazuia jambo hilo. Tengeneza folda yako kwenye C, isakinishe humo. Ikigoma bado, bofya kulia alama yake, ingia Properties, halafu Compatibility, uchague Windows XP.

4. Kwa FL Studio, angalia leseni yako. Ilizaliwa kwa jina la FruityLoops, ikabadilishwa jina mwaka 2003, na aliyeinunua kihalali hupata matoleo mapya bure maisha yake yote. Kwa kawaida toleo jipya hufungua miradi ya zamani.

5. Achana na programu zilizovunjwa leseni. Nyingi huja na virusi, na zikigoma huna wa kumuuliza. Reaper unaijaribu siku 60, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60.

6. Kadi ya sauti haina draiva ya ASIO? Jaribu ASIO4ALL.

7. VirtualBox, programu ya kuendesha Windows nyingine ndani ya kompyuta yako, ni ya kufungulia miradi, si ya kurekodia. Unaweza kuweka XP ndani yake, ukafungua mradi na kutoa WAV, lakini sauti itachelewa mno kwa mwimbaji aliye kwenye maiki.

8. Usiiuze mashine ya zamani mapema. Ichomoe kwenye intaneti, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia XP mwaka 2014, na uiache iwe ya kufungulia miradi tu. Kazi ulizotoa ziweke kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Kisha mpigie msanii aje na flashi achukue nakala yake. Studio huhama na hufungwa, naye huenda akazihitaji sauti zake miaka kumi ijayo.