Dakika Tano Kabla ya Amri: Somo kwa Walezi na Kamati za Usharika



Somo la robo hii limetokana na ombi lililotufikia ofisini. Bibi mmoja anayelea mjukuu wake yatima wa miaka mitano aliiomba kamati ya diakonia ya usharika wake imwandikie barua ili mtoto apelekwe kituo cha kulelea yatima. Sababu haikuwa njaa, maana mradi ulikwisha kumpatia mahindi, godoro na sare ya shule. Alisema, "Huyu mtoto amenishinda. Nikimtuma anakataa, nikimchapa anavunja vyombo." Kamati ilikuwa tayari kuandika. Hapo ndipo tulipotambua kwamba kwa miaka mingi tumehesabu magodoro, lakini hatukuuliza mlezi na mtoto wanaishije.

Tiba hii ni nini?

Ipo tiba ya muda mfupi ya mahusiano ya mzazi na mtoto, inayojulikana kwa kifupi kama PCIT. Ilianzishwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg nchini Marekani katika miaka ya 1970, kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 7 wenye ukaidi na hasira nyingi. Mlezi na mtoto huonana na mtaalamu mara moja kwa wiki, na kwa kawaida humaliza baada ya vipindi 12 hadi 20. Mtaalamu hukaa nyuma ya kioo na kumwelekeza mlezi kupitia kifaa cha sikioni, wakati mlezi akicheza na mtoto. Anayefundishwa hasa ni mlezi.

Hatua ya kwanza: kumfuata mtoto

Kila siku mlezi hutenga dakika tano za kucheza na mtoto, na mtoto ndiye anayeongoza. Katika dakika hizo mlezi haamuru, haulizi maswali wala hakosoi. Hufanya mambo matano:

1. Humsifu kwa jambo analoliona: "Umeyapanga vizuri magunzi yako."
2. Hurudia maneno ya mtoto. Mtoto akisema, "Hili ni lori," mlezi hujibu, "Kumbe ni lori!"
3. Huiga mchezo wa mtoto.
4. Hueleza mtoto anachofanya: "Sasa unapakia mchanga."
5. Huonyesha furaha.

Utundu mdogo huachwa bila kujibiwa. Na hata siku mtoto aliyokosea, dakika hizo hazifutwi.

Hatua ya pili: kuamuru vizuri

Uhusiano ukishatengemaa, mlezi hufundishwa kutoa amri moja kwa wakati, iliyo wazi, kwa sauti ya utulivu. "Uwe na adabu" si amri iliyo wazi. "Weka kikombe mezani" ni wazi. Mtoto akitii, husifiwa mara moja. Akikataa, huonywa mara moja, kisha huketishwa kwenye kiti kwa dakika tatu, na baadaye hurudishwa kwenye amri ile ile. Mlezi hujifunza hatua hii akisimamiwa na mtaalamu.

Je, inasaidia?

Mwaka 2004 Mark Chaffin na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa wazazi 110 waliokuwa wamewahi kuwapiga na kuwaumiza watoto wao. Baada ya miaka miwili na zaidi, asilimia 19 ya waliopata tiba hii waliripotiwa tena kwa ukatili. Kwa waliopata mafunzo ya kawaida ya malezi, ilikuwa asilimia 49.

Na fimbo je?

Wapo watakaotukumbusha Mithali 13:24. Tukumbuke kwamba neno la Kiebrania lililotumika hapo limetumika pia katika Zaburi 23:4 kwa chombo cha mchungaji, nacho kinamfariji kondoo. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Nayo Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili na iliyozidi kiasi. Hatusemi mtoto asirudiwe. Tunasema anayerudiwa na mtu anayemfurahia husikia haraka zaidi.

Usharika ufanye nini?

Hatuna vioo wala vifaa vya sikioni, na kamati isijiite wataalamu wa tiba. Lakini dakika tano zinaweza kufundishwa na mzee wa kanisa au mwinjilisti anayetembelea nyumba. Mtoto anayejiumiza, au aliyeumizwa, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii bila kuchelewa.

Kwa wafadhili wetu: nauli ya watembeleaji na mafunzo ya washauri havipigwi picha kama godoro, lakini ndivyo vinavyomwezesha mtoto kubaki kwao. Tunaomba mvikumbuke katika bajeti.

Yule bibi alikubali kujaribu, na mama mmoja wa kamati akawa anamtembelea kila wiki. Mjukuu bado hubisha akitumwa maji. Lakini jioni huketi naye uani wakipanga magunzi, na barua hajaiulizia tena.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, ni walezi gani wanaosema mtoto amewashinda?
2. Mara ya mwisho tulipowatembelea, tuliuliza nini?
3. Nani kati yetu atawatembelea kila wiki kwa miezi mitatu?