SOMO LA JUMA: Kasha la kuchachushia bia nyumbani, barafu au friji kuukuu?

Baada ya bei za mazao tugeukie somo la juma hili. Linamhusu mtu atengenezaye bia nyumbani, ndoo moja ya lita 20 kwa mkupuo, na hasa yule aliyeko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Adui yake mkubwa ni joto.

Hamira nyingi za bia aina ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 18 na 22. Za laga hutaka 9 hadi 13. Chumba cha pwani mwezi Februari hufika nyuzi 30 na kuzidi, tena ndoo inayochacha huwa na joto kuliko chumba chenyewe, mara nyingi kwa nyuzi tatu hata tano. Hapo hamira hukimbia mbio na kutoa vileo vizito vyenye ukali kooni, pamoja na harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kimea, hopsi na hamira vimenunuliwa kwa fedha, na vingi hutoka ng'ambo. Ndoo moja ikimwagwa, faida ya ndoo mbili zilizotangulia imekwenda nayo.

Sasa hesabu. Ndoo ya lita 20 ya bia ya nguvu ya kawaida ina sukari ya kuchacha kama kilo moja na nusu. Kila kilo ikichacha hutoa joto la kilojuli 600 hivi, yaani jumla 900. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334. Kwa hiyo joto lote la hamira, mwanzo hadi mwisho, humezwa na barafu isiyofika kilo tatu. Ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

Mla barafu hasa ni ukuta. Tuseme umeunda kasha la sentimeta 60 kwa 60 kwa 90, kwa mabamba ya povu jeupe kama ya makasha ya samaki, unene sentimeta 5. Nje nyuzi 30, ndani 20. Joto litakalopenya ni kama wati 20, usiku na mchana, nalo hula kilo tano za barafu kila siku. Kwa siku saba ni kilo 36. Weka mabamba mawili mawili, unene uwe sentimeta 10, matumizi yanashuka kwa nusu. Bamba hulipiwa mara moja, barafu kila siku. Asiyependa kuongeza bamba la pili aifanye hesabu hiyo tena. Maungio yazibwe kwa gundi na utepe, na mlango upigwe mpira, maana mwanya mdogo huharibu kazi yote.

Barafu igandishwe katika chupa za plastiki za lita mbili, zisijazwe mpaka juu. Badilisha asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo za kuangaliwa sana, kwa kuwa ndipo hamira hutoa joto jingi.

Mwenye kupika kila juma atafute friji. Kidhibiti cha ndani ya friji hakifai, kwani kimepangwa kwa baridi ya maziwa. Fundi aweke kidhibiti joto cha nje, kinachokata na kurudisha umeme. Kihisio chake kibandikwe ubavuni mwa ndoo na kufunikwa kwa kipande cha sponji, ili kipime bia na si hewa. Chagua kidhibiti kinachoipumzisha kompresa dakika chache kabla ya kuiwasha tena, la sivyo utainunua upya. Friji iliyokufa kompresa nayo isidharauliwe: bado ni kasha zuri la barafu, ukuta wake umeshatengenezwa, mradi mpira wa mlango ni mzima.

Usiliendeshe kasha katika chumba kilichofungwa. Ndoo moja hutoa karibu lita 400 za hewa ya kaboni. Acha tundu dogo, na mlango ufunguliwe mbali na watoto.

Wa Njombe au Limuru tatizo lao ni kinyume chake mwezi Julai. Balbu ya wati 40 ya mtindo wa zamani, iliyofunikwa kwa kopo la bati, inatosha. Kopo ni lazima, maana mwanga huharibu bia yenye hopsi.

Anayekusudia kuuza aanze na leseni, kasha baadaye.

Ipo pia hamira ya kveik, ya wakulima wa magharibi ya Norwe, ambayo huchachusha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40 bila kasha lolote. Huuzwa ikiwa kavu. Ulizia bei ya pakiti, ilinganishe na bei ya barafu ya juma zima mtaani kwako, kisha ndipo uende kununua mabamba.