Msamiati wa Bao la Kiswahili: Istilahi, Kanuni na Ladha ya Mchezo

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu utamaduni wa Waswahili, michezo ya jadi hutajwa mara nyingi na kuchambuliwa mara chache. Mwandishi huorodhesha bao, mdako, nage na tiara, husikitika kwamba vijana wameiacha, kisha huendelea na jambo jingine. Orodha ya namna hiyo haimwezeshi msomaji kuucheza mchezo hata mmoja, wala haimwonyeshi mwanaisimu kwa nini aushughulikie.

Makala haya yanauchukua mchezo mmoja tu, yaani bao la Kiswahili, ambalo huitwa pia bao la kete au bao la komwe. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa bao si pambo la mchezo bali ni sehemu ya kanuni zake. Anayejifunza kanuni bila maneno hupata nusu ya mchezo. Anayekusanya maneno bila kucheza hupata nusu ya maana.

Hadhi ya bao katika jamii haina ubishi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 18 na 19, alilitungia shairi. Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda. Kwa upande wa taaluma, Alexander de Voogt alitoa mwaka 1995 utafiti kuhusu ubingwa wa wachezaji wa Zanzibar, akizingatia hasa uwezo wao wa kukokotoa kichwani. Makala haya yanaelekea upande wa lugha.

2.0 Ubao, kete na hatua mbili za mchezo

Ubao una safu nne zenye mashimo manane kila moja, yaani mashimo 32. Kila mchezaji humiliki safu mbili: ya mbele, inayokabiliana na ile ya mpinzani, na ya nyuma. Kete ni 64, na kwa desturi ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Shimo la tano kutoka kushoto kwa mwenyewe katika safu ya mbele ndilo nyumba. Mara nyingi huchongwa mraba ili litofautiane na mengine. Mashimo mawili ya mwisho ya safu hiyo, moja kila upande, huitwa vichwa. Kichwa pamoja na shimo linalofuatana nacho huitwa kimbi.

Mchezo huanza na kete 10 tu ubaoni kwa kila upande: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Kete 22 zilizosalia za kila mchezaji huwekwa akiba. Hatua ya kwanza ni kunamua, ambapo kila mchezaji huingiza kete moja ya akiba kwa kila zamu. Kete hiyo huingizwa katika shimo la mbele ambalo tayari lina kete. Ikiwa shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, kete hizo huliwa, na mlaji huzigawa moja moja katika upande wake kuanzia kichwani. Kula ni lazima panapowezekana.

Hatima ya zamu huamuliwa na kete ya mwisho. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala na zamu imekwisha. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, mchezaji hula tena. Ikiwa hakuna cha kula, huzizoa kete za shimo alilofikia na kuendelea kugawa. Asiyeweza kula tangu mwanzo wa zamu hutakata: hugawa kete zake mwenyewe bila kula chochote katika zamu hiyo yote.

Akiba ikiisha, huanza hatua ya pili, yaani mtaji, ambapo mchezaji huchota kete zilizomo ubaoni badala ya kuingiza mpya. Anayeachwa bila kete katika safu yake ya mbele, au bila namna ya kucheza, amefungwa.

Mpangilio huu unalitofautisha bao la Kiswahili na michezo jirani. Omweso wa Uganda nao huchezwa kwenye mashimo 32 kwa kete 64, lakini hauna hatua ya kunamua wala shimo lenye hadhi ya nyumba. Hata bao la kujifunza, ambalo Waswahili wenyewe huwaanzishia wanafunzi, halina mambo hayo: kila shimo hutiwa kete mbili na mchezo ukaanza mara moja. Istilahi nyingi zinazojadiliwa hapa zimeelemea hasa pale ambapo bao la Kiswahili ni gumu na la pekee.

3.0 Mfano wa mchezo wa kwanza

Uhusiano wa neno na kanuni huonekana tangu kete ya kwanza. Katika mpango wa kuanzia, mashimo yenye kete ya mchezaji mmoja yanakabiliana na mashimo matupu ya mwenzake. Kwa hiyo anayeanza hawezi kula. Ni lazima atakate.

Tuseme ameingiza kete yake katika shimo la sita kutoka kushoto, lililo kando ya nyumba. Shimo hilo sasa lina kete tatu, naye hana budi kuchagua upande. Akigawa kuelekea kulia, kete zitaingia katika shimo la saba, kichwa cha kulia na shimo la nyuma linalofuata, ambalo ni tupu, hapo atalala. Mashimo yake ya mbele yenye kete bado yatakabiliana na mashimo matupu, na mpinzani naye atalazimika kutakata.

Akigawa kuelekea kushoto, kete moja itaingia nyumba, moja shimo la nne na moja shimo la tatu, ambamo atalala. Lakini shimo la nne linakabiliana na nyumba ya mpinzani, na la tatu linakabiliana na shimo jingine la mpinzani lenye kete mbili. Mpinzani akinamua katika mojawapo, anakula.

Maelezo hayo yamechukua aya mbili. Barazani, mtazamaji anaweza kuyamaliza kwa sentensi moja: “Ametakata kushoto, amempa mwenziwe mtaji.” Ufupi huo unawezekana kwa sababu kila neno limekwisha kubeba kanuni yake. Asiyejua kwamba kutakata ni kucheza bila kula, au kwamba mtaji ni nafasi ya kula pamoja na kuwa jina la hatua ya pili, ataisikia sentensi hiyo na kudhani kwamba wazee wanazungumzia usafi na biashara.

4.0 Namna istilahi zilivyoundwa

Istilahi za bao zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuzingatia uundaji wake.

Kundi la kwanza ni la maneno ya kawaida yaliyopanuliwa maana. Nyumba, kichwa, kula, kulala na kusafiri ni maneno ambayo mtoto huyajua kabla ya kuujua ubao. Upanuzi wake, hata hivyo, si wa kubahatisha. Katika zamu ya kula, kete ya mwisho inapoangukia nyumba iliyo hai, nayo haina cha kula mbele yake, mwenye nyumba hupewa hiari: kulala pale na kuihifadhi, au kusafiri kwa kuzizoa kete zake zote na kuendelea kugawa. Akisafiri, nyumba hupoteza hadhi yake na kuwa shimo kama mengine. Vitenzi viwili vinavyohusu maisha ya nyumbani vimefanywa jozi, na katika jozi hiyo mna uamuzi mzito kuliko wote katika hatua ya kwanza.

Mtaji nao umetoka katika biashara. Mfanyabiashara asiye na mtaji hawezi kupata faida hata akiwa hodari. Mchezaji asiye na mtaji ana kete, lakini hana njia ya kuziongeza. Namua, kwa maana yake ya kawaida, ni kukitoa kitu kilichonasa. Inaelekea maana hiyo ndiyo iliyohamishiwa kwenye hatua ambapo kete hutolewa katika akiba na kuingizwa katika mchezo.

Kundi la pili ni la unyambulishaji, na mfano wake bora ni takata. Kitenzi takata, “kuwa safi”, kina kauli yake ya kutendesha, takasa, ambayo ikitiwa kiambishi cha kutendea huzaa takasia. Katika bao, kutakasia ni kutakata kwa namna inayolilenga shimo moja la mpinzani. Ikiwa mpinzani hana cha kula, na shimo lake moja tu ndilo litakaloweza kuliwa katika zamu ijayo, basi, kwa masharti maalumu, haruhusiwi kuanzia shimo hilo ili kulinusuru. Dhana ya kumtendea mtu jambo, ambayo ni kazi ya kiambishi cha kutendea, inalingana kabisa na kanuni: anayetakata hucheza upande wake, anayetakasia humfanyia jambo mwenziwe.

Kundi la tatu ni la maumbo ya mahali. Mchezo unaokwisha kwa kumaliza kete zote za mbele za mpinzani huitwa bao hamna. Ule unaokwisha mapema, wakati kete za akiba bado zipo, huitwa mkononi. Katika hamna tunaona kiambishi cha ngeli ya mahali pa ndani, -m-, katika kauli ya ukanushi: ndani hamna kitu. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mfano wa tofauti kati ya hapana, hakuna na hamna anao hapa, nao umejaa maana kwa yeyote aliyewahi kushindwa.

5.0 Je, ni istilahi au ni sitiari tu?

Huenda ikatolewa hoja kwamba maneno haya ni sitiari za wachezaji, na kwamba jina la istilahi listahiliwe na maneno yaliyopitishwa na vyombo rasmi. Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, ambayo sasa ni sehemu ya TATAKI, kazi ya kuunda na kusanifu istilahi imefanywa kwa bidii na kwa kufuata vigezo. Kwa kuwa vigezo vipo, msamiati wa bao unaweza kupimwa kwavyo.

Kwanza, istilahi hutakiwa iwe na maana bayana katika uwanja wake. Mchezaji akisema ametakata, hakuna anayeuliza amekusudia nini. Pili, istilahi hutakiwa zihusiane kimfumo. Kulala kunapingana na kusafiri, kutakata na kula, mbele na nyuma. Tatu, istilahi hutakiwa izae nyingine, kama takata ilivyozaa takasia. Nne, nacho ni kipimo kizito zaidi, istilahi hutakiwa ikubalike kwa watumiaji. Mzozo unapozuka barazani kuhusu kete zilizoliwa kwenye kimbi, hukatwa kwa kutaja neno: zimeliwa kimbini, basi zianzie kichwa cha upande ule ule. Neno hapa lina nguvu ya sheria.

Kwa vipimo vyote vinne, msamiati wa bao ni mfumo kamili wa istilahi, uliojengwa na watumiaji wenyewe bila kikao. Jambo hili halipunguzi thamani ya vikao. Linaonyesha kwamba waundaji wa istilahi wana kielelezo nyumbani kabla ya kukitafuta mbali.

6.0 Kuutafuta mchezo na kuufurahia

Mtafiti anayetaka msamiati huu hana budi kwenda unakotumika. Hojaji haitoshi. Akiulizwa maana ya kulala, mchezaji hodari atajibu kwa kuweka kete ubaoni, na jibu hilo halimo katika karatasi. Inafaa mtafiti aanze kwa bao la kujifunza, akubali kufungwa, kisha apande hadi bao la Kiswahili. Inafaa pia arekodi mazungumzo pamoja na hali ya ubao katika dakika ile ile, kwa kuwa tungo isiyoambatana na ubao haifasiriki.

Mambo mawili yanahitaji tahadhari. La kwanza ni tofauti za mahali. Lamu, Mombasa, Mrima na Zanzibar hazina haja ya kulazimishwa jina moja kwa kila jambo. Tofauti ni data, na kuzisawazisha mapema ni kuzipoteza. La pili ni kwamba bao la barazani kwa kiasi kikubwa limekuwa la wanaume. Msamiati unaokusanywa hapo ni wa kundi fulani la jamii, na mtafiti aseme hivyo badala ya kuuita wa Waswahili wote.

Siku hizi zipo programu za kompyuta na za simu zinazocheza bao. Zinafaa kwa mazoezi, na zinaweza kumfikia kijana aliye mbali na baraza. Lakini programu hugawa kete bila kusema neno. Mchezaji aliyelelewa nayo atajua lini asafiri na lini alale, asijue kwamba amesafiri au amelala. Furaha ya bao hutokana na hesabu, na pia na watazamaji wanaosifu, wanaokejeli na wanaobishana kwa maneno yaliyojadiliwa hapa. Kunyamazisha baraza ni kupunguza mchezo wenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa bao umeundwa kwa upanuzi wa maana, unyambulishaji na maumbo ya mahali; kwamba unakidhi vigezo vya istilahi; na kwamba hauwezi kufasiriwa nje ya kanuni zinazouhusu. Kazi inayobaki ni kubwa lakini haihitaji gharama kubwa: kukusanya msamiati mahali kwa mahali, kuuambatanisha na hali za ubao, na kuuingiza katika kamusi kwa fasili zinazotaja kanuni. Fasili ya takata isemayo tu “kuwa safi” haimfikishi msomaji barazani. Ikiongezwa “katika bao, kucheza bila kula”, itakuwa imemfungulia mlango, na kilichosalia atajifunza akiwa ameketi mbele ya ubao.