Je, Mungu Ana Upendeleo?

Tumeulizwa swali hili darasani. Nasi twaanza Todonyang, kaskazini ya Turkana, mpakani na Uhabeshi, ambako Waturkana na jirani zao Wamerile wameuana miaka mingi kwa malisho na samaki. Mauaji ya Mei 2011 hayajasahauliwa. Ipo misheni ya Wakatoliki huko. Kitabu chao, katika Malaki, chasema Mungu alimpenda Yakobo akamchukia Esau, nduguye pacha. Kumbukumbu la Torati, sura ya 7, lawateua Bani Israili juu ya mataifa yote. Sura ya 10 yasema Mungu hampendelei mtu wala hapokei rushwa. Je, yagongana hayo?

Twaona ufunguo u katika Amosi. Sura ya 9 yawaambia Bani Israili kuwa mbele ya Mungu wao ni kama Wakushi, na aliyewatoa wao Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori. Sura ya 3 ni kali zaidi: kwa sababu ya kuteuliwa huko ndipo wataadhibiwa.

Wala tusiwacheke. Suratul Baqara nayo yataja kufadhilishwa kwa Bani Israili, kisha Nabii Ibrahim, alipowaombea dhuria zake, akajibiwa kuwa ahadi haiwafikii madhalimu.

Na sisi wa mwambao, wenye kujivunia nasaba? Tumemsikia kwa masikio yetu Mturkana mmoja, bawabu, akiambiwa msikitini arudi nyuma, safu ya kwanza ina wenyewe. Alikuwa Mwislamu wa Lodwar, na alitangulia kufika kabla yetu sote.