Kidonge cha Mafua Si Dawa ya Kusahau

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 73. Mwaka wa pili sasa huamka usiku wa manane, akajifunga leso, akafungua mlango akisema anakwenda kukama ng'ombe ambao tuliwauza zamani. Majirani wasema ni uzee tu, nasi humpa Piriton mbili alale. Je, nami nitarithi? – Msomaji, Timau.

JIBU: Ndugu yangu, habari ya vidonge hivi nimeisikia kwa watoto wa wazee wengi mno, na kila mara husimuliwa kwa mapenzi, kwani baridi ya Timau usiku si ya mzaha, na mzazi aliyetoka bila sweta aweza kukutwa alfajiri amekauka kandokando ya shamba la ngano, lakini mapenzi hayo hayapunguzi madhara hata chembe. Piriton ni dawa ya mzio na mafua. Pamoja na kuleta usingizi, huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kukumbuka, na ambayo dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu, ikiwa ya aina ya Alzheimer huipunguza yenyewe. Hivyo dawa za Alzheimer za hospitali hujitahidi kuilinda, nanyi nyumbani mwaizuia. Mzee huamka kinywa kikavu, haja ndogo imemfunga, miguu haimchukui, fahamu zimevurugika kuliko jana, nanyi mkidhani maradhi yamezidi mwaongeza kidonge cha tatu. Acheni leo.

Uzee hupunguza wepesi wa kukumbuka, lakini haumsahaulishi mtu kwamba ng'ombe wake waliuzwa. Na miaka miwili ya kungoja ni taksiri kubwa, nasema bila kificho, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, ulegevu wa tezi la shingoni, kaswende, sonona, hata damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, vyote huweza kuiga dimenshia, na aghalabu hutibika vikiwahiwa. Mpelekeni hospitali ya Timau wiki hii, mkiwa na vidonge vyote anavyomeza ndani ya mfuko mmoja. Wakiona haja, watamwelekeza Nanyuki au Meru.

Ama kuhusu wewe kurithi, mabadiliko ya ubongo ya Alzheimer huanza hata miaka 15 au 20 kabla ya dalili. Kurithi moja kwa moja ni nadra, ingawa hatari yako imezidi kidogo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwayo ni presha, sukari, sigara, pombe ya kupindukia na uziwi usiotibiwa. Siku ya kumpeleka mama, nawe upimwe presha na sukari.

Hadi siku hiyo, akisema anakwenda kukama msibishane naye. Mwambieni kungali giza, mkamrudishe kitandani taratibu. Mtu alale chumbani mwake, na kengele ya ng'ombe ifungwe mlangoni.