SOMO LA WIKI: Kadi ya bima ya afya huishia Sirari

Mfanyabiashara wa Musoma anayefuata viatu Nairobi hupiga hesabu ya nauli, ushuru, malazi na vibarua wa kupakia mzigo. Hesabu ya kuugua njiani haimo. Wengine hawajaifikiria, na wengine wanaamini kwamba kadi ya bima iliyo mfukoni itawafaa popote. Imani hiyo huanguka siku mtu anapofikishwa hospitalini Migori au Kisii, na swali la kwanza dirishani likawa ni fedha taslimu.

Bima ya afya hufanya kazi pale tu ambapo mfuko umeingia mkataba na hospitali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kutoa huduma 2001, hulipa vituo uliovisajili hapa nchini. Ndiyo sababu kadi yake hupokelewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, na pia Bugando kule Mwanza. Ukivuka Sirari ukaingia Isebania, mkataba huo haupo. Wakenya nao wana utaratibu wao. Mfuko wao, ambao nao ulikuwa ukiitwa NHIF, jina lililowachanganya wengi, nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilirahisisha mwendo wa watu na bidhaa. Kadi za matibabu hazikuvuka nao.

Hasara yake ni kubwa kuliko bili ya hospitali. Tuchukue mfano wa mchuuzi aliyeondoka Musoma na Sh. 12,000,000 za kununulia mali, ambaye kwa kawaida hupata faida ya asilimia 15 kila safari. Akavunjika mguu njiani, na matibabu yakala Sh. 4,000,000. Zimebaki Sh. 8,000,000. Safari inayofuata, kwa faida ile ile, atafikisha Sh. 9,200,000, ya pili Sh. 10,580,000, ya tatu Sh. 12,167,000. Yaani safari tatu nzima za kurudi pale alipokuwa, na hapo hajatoa hata senti ya ada ya shule wala ya unga. Kama fedha zenyewe ni za mkopo, riba haikumsubiri apone.

Sasa chukua upande wa pili. Tuseme bima ya safari hiyo ingemgharimu Sh. 60,000. Hiyo ni nusu ya asilimia moja ya mtaji wake. Akiigawa kwa jozi 400 za viatu, ni Sh. 150 kwa jozi. Gharama hii inastahili kuandikwa kwenye daftari pamoja na nauli, wala si kuhesabiwa kama anasa.

Tangu Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi na kuondoa ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa (NIC), bidhaa zimekuwa nyingi, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Bima ya afya ya mwaka mzima kutoka kampuni binafsi inaweza kuwa na eneo la Tanzania peke yake au Afrika Mashariki yote. Neno hilo moja katika hati ndilo la kutafuta kwanza. Bima ya safari ni kitu kingine: huhesabiwa kwa siku na hulipia dharura tu. Mkazi wa Bunda anayekwenda India kwa makusudi ya kufanyiwa upasuaji asitegemee bima ya safari, kwa kuwa ugonjwa alikwishaondoka nao nyumbani. Nao uanachama wa ndege za wagonjwa, kama ule unaouzwa na AMREF Flying Doctors, kazi yake ni kumhamisha mgonjwa. Kitanda na dawa hutafutiwa fedha nyingine.

Wenye magari wana kinga yao, Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza 1987 na ambao Tanzania ilibaki nao hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Pamoja na madai ya watu wengine, hugharamia matibabu ya dereva na abiria wake wakiumia katika ajali ya gari hilo nje ya nchi, kwa kiwango kilichowekwa. Malaria au presha haihusiki. (Isichanganywe na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo mpakani huitwa jina hilo hilo.)

Anayeomba viza ya Schengen kwenda Ulaya hulazimika kuonyesha bima isiyopungua Euro 30,000, kwa hiyo huinunua. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, huwataka wageni kutoka nje ya nchi kukata bima ya dola za Marekani 44. Mchuuzi anayevuka Sirari haulizwi na mtu.

Atakayenunua asome kwanza orodha ya yasiyolipwa. Kisukari na presha ya zamani mara nyingi vimo humo, na kuvificha katika fomu ni kumpa mwenye kampuni sababu ya kukataa dai lote. Aulize pia ni kiasi gani atalipa mwenyewe kabla ya kampuni kuanza, na ni namba gani ya kupiga akilazwa, maana hati nyingi hudai taarifa ndani ya saa chache. Namba hiyo awe nayo pia mtu wa nyumbani.

Kipo kifungu ambacho watu huona aibu kukiuliza: kurudisha mwili. Butiama inakumbuka mwaka 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London, Oktoba 14, na kuzikwa kijijini kwake Oktoba 23. Kurudi kwake lilikuwa jambo la taifa. Kwa mchuuzi, kazi hiyo huangukia ukoo na michango, na kwa watu wa Mara kuzikwa nyumbani si suala la kujadiliwa. Bima nyingi za safari zina kifungu hiki. Kikomo chake kiulizwe kwa tarakimu.

Hati halali huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na ni vema kufanya hivyo kabla ya kumkabidhi wakala fedha.

Mwisho ni muhuri. Kampuni ikipokea dai hutaka risiti halisi, ripoti ya daktari na uthibitisho wa siku ya kuvuka mpaka, iwe katika pasipoti au hati ya dharura ya safari. Aliyepita njia ya panya ili akwepe foleni hana cha kuonyesha, hata kama ada yake ya bima alilipa yote.