Zoezi la Leo ni Uzima wa Kesho: Fundisho la Mabaharia wa Nyambizi



Nyambizi ni meli ya chuma inayosafiri chini ya maji. Ndani yake hakuna dirisha la kuchungulia wala uwanja wa kukimbilia. Mtu wa shimoni ataielewa upesi kuliko wengine. Kwa hiyo leo tunajifunza kwa mabaharia wazee wa vyombo hivyo. Wakisimulia shule yao, wengi hawakai sana juu ya masomo ya ubaoni. Wanasimulia hatari za kutengenezwa: vyumba na matangi yaliyojengwa ili mwanafunzi aogope, akosee, arudie, wala asife.

1. Chumba cha maji

Katika shule ya nyambizi ya Marekani, mjini Groton, kuna chumba kilichojengwa kama ndani ya meli. Mwalimu hufungua maji, nayo hufoka kwa nguvu kutoka mabomba yaliyotobolewa makusudi. Maji hupanda miguuni, kelele hufunika sauti, na wanafunzi wanapaswa kuziba matundu. Wote wakikimbilia tundu moja, mengine hubaki wazi. Ndiyo maana kila mtu hupewa kazi yake mapema.

Maji si adui wa mabaharia peke yao. Tuwakumbuke ndugu zetu wa Kamituga: mwezi wa Septemba 2020, maji ya mvua kubwa yaliingia katika mashimo ya dhahabu, watu wengi wakafa.

2. Mnara wa Gosport

Huko Gosport, Uingereza, kulikuwa na mnara uliojaa maji, kina chake mita 30. Ulianza kufundisha mwaka 1954, ukaacha mwaka 2020. Mwanafunzi alianza kupanda kutoka mita 9, kisha 18, mwisho 30. Hakubeba chupa ya hewa. Alitakiwa kupuliza pumzi njia nzima, na walimu ndani ya maji walimwangalia.

Kwa nini apulize? Katika mita 30 hewa hukandamizwa mara 4 kuliko hapa juu. Lita 1 iliyovutwa huko chini inakuwa lita 4 ikifika juu. Mtu akifunga mdomo, mapafu hupasuka, na hewa inaweza kuingia katika damu hadi ubongoni. Lakini hofu inamwambia: funga mdomo, tunza pumzi! Hofu inaamuru kinyume cha usalama. Maneno ya ubaoni peke yake hayaishindi. Mwili uliokwisha kufanya jambo lenyewe unaweza kuishinda.

Vijana wa kando ya ziwa letu, sikilizeni vizuri. Kanuni hii inamhusu kila mzamiaji anayevuta hewa ya chupa au ya mashine akiwa chini. Anayezama kwa pumzi aliyoivuta juu ya maji hana hatari hiyo, kwa sababu hewa yake hurudi kipimo chake cha kwanza tu.

3. Na sisi shimoni?

Tarehe 8 Agosti 1956 moto uliwaka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Marcinelle, Ubelgiji. Watu 262 walikufa. Moto wa shimoni huleta moshi, na pamoja na moshi huja monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi.

Kifaa cha kujiokoa cha kuchuja hewa huigeuza gesi hiyo. Kikifanya kazi, hewa inayoingia mdomoni inakuwa ya moto na kavu. Asiyezoea hudhani kimeharibika, akakitoa. Joto hilo ni alama kwamba gesi ipo na kifaa kinaichuja! Ukikitoa, unavuta sumu. Kibaki mdomoni mpaka ufike penye hewa safi.

4. Tufanyeje?

a) Zoezi lisiwe kuita majina tu. Vaa kifaa cha mazoezi, bana pua, tembea njia yote ya kutokea.

b) Mkuu wa timu akiwapo, zimeni taa na kutafuta njia kwa mkono.

c) Anayeogopa asichekwe. Aanze kidogo, kama wale walioanza na mita 9.

d) Mwenye ugonjwa wa kifua, moyo au kifafa apite kwanza dispansari.

e) Nyumbani, mama na watoto wajue ufunguo uko wapi usiku na watatokea wapi nyumba ikiwaka. Mbabula ya makala isilale ndani ya chumba kilichofungwa: hutoa gesi ile ile ya shimoni, nayo huua watu usingizini.

Maswali ya kujibu pamoja na timu yako:

– Njia yako ya pili ya kutokea iko wapi?

– Uliipita lini kwa miguu yako mwenyewe?

– Hewa ya kifaa ikiwa ya moto, utafanya nini?

– Nani nyumbani kwako hajui kufungua mlango gizani?